Kupima namna seli shina za damu zinavyoitikia ishara

Seli shina ya damu, yaani seli mama ambayo seli nyingine za damu hutokana nayo, hutulia, hujigawa au huanza safari ya kuwa seli nyekundu kulingana na ishara inazopata kwa majirani zake ndani ya uboho. Jaribio hili hukuonyesha mwitikio huo kwa macho, mradi sahani za kulinganishia ziandaliwe vizuri.

Hatua ya 1: Tenga seli. Chukua damu ya kitovu iliyotolewa kwa ridhaa, kisha tumia chembe za sumaku kuvuta seli zenye alama ya CD34, protini iliyo juu ya seli changa za damu. Fahamu kwamba humo seli shina halisi ni chache. Nyingi ni vitangulizi, yaani vizazi vyake vilivyokwisha kushika njia.

Hatua ya 2: Andaa sahani. Hapa usiharakishe. Tumia methiliselulosi (ute mzito wa kukuzia seli) isiyo na seramu, maana seramu, majimaji ya damu, huja na ishara zake, nawe hutajua seli zimeitikia ipi. Sahani ya kwanza usiitie ishara yoyote. Ya pili itie SCF (protini inayosaidia seli changa kuishi na kujigawa) peke yake, ya tatu SCF na erithropoietini (homoni ya kukuza seli nyekundu), ya nne SCF na G-CSF (protini ya kukuza seli nyeupe). Kila mseto urudie mara tatu. Seli 500 hivi zinatosha sahani ya milimita 35. Zikizidi sana, makundi, yaani vizazi vya kila seli moja vilivyokusanyika pamoja, yataingiliana. Methiliselulosi hunata, kwa hiyo pipeti itakupotosha kipimo. Tumia bomba la sindano lenye ncha butu.

Hatua ya 3: Weka kwenye inkubeta, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5, pamoja na sahani ya maji kando ili zisikauke. Siku 14, bila kuzitikisa.

Hatua ya 4: Hesabu makundi kwa hadubini. Penye erithropoietini tafuta yaliyoiva wekundu wa hemoglobini; penye G-CSF, ya seli nyeupe, yasiyo na rangi. Pasipo ishara, karibu seli zote hufa.

Je, ishara iliziamuru seli, au iliziokoa tu zilizokwisha kuamua? Hesabu ya siku ya 14 haiwezi kutofautisha. Fuata seli moja moja kwa hadubini yenye kamera tangu siku ya kwanza, uone zipi zinakufa na zipi zinabadilika.

Hatua ya 5: Makundi hayo ni kazi ya vitangulizi. Kwa seli shina zenyewe, pandikiza seli zilizopewa ishara kwa panya wasio na kinga, subiri angalau wiki 16, kisha hamishia uboho wao kwa panya wengine. Damu ya aina mbalimbali ikiendelea kutengenezwa humo, ishara yako haikuzichosha.