Dawa ya kifafa huku visiwani: mambo ya kupanga kabla vidonge havijaisha

Mimi si daktari, nasema mapema. Ni dada mtu tu, mdogo wangu ana kifafa tangu yuko darasa la tano, na miaka yote hii mimi ndo wa kubeba kadi yake, kupanga foleni na kuhesabu vidonge. Nilichokiona ni kwamba dawa zenyewe wala si mbaya, Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kwa kila 100 wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na wakaimeza sawasawa. Sisi wa Lamu kinachotuangusha ni bahari, unyevu, harusi za usiku kucha na kemisti kufungwa siku ya Idi.

Nianze na stoki manake hapo ndo tuliumia. Mwaka mmoja, kusi imeshika, tukaenda Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, harusini kwa siku tatu na tukabeba vidonge vya siku tatu, kamili, hata kimoja cha zaidi hakuna, akili zetu hizo. Bahari ikachafuka, maboti yakakataa kutoka, siku tatu zikawa sita, na pale tulipoulizia dawa aina yake haikuwepo. Siku ya tano alfajiri akaanguka, mtu ambaye alikuwa hajaanguka mwaka na zaidi, na haikuwa ile ya dakika mbili tuliyoizoea, iliisha ikarudi, ikaisha ikarudi. Baadaye ndo nikaelezwa kuwa dawa hizi ukizikata ghafla kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mtu anaweza kushikwa mfululizo bila kupata fahamu katikati, jambo ambalo linaua. Kwa hiyo sasa nyumbani kwetu vikibaki vya wiki mbili ndo siku ya kupanga safari ya hospitali. Mkisafiri beba vya siku zenu na vya wiki nzima juu yake, ugawe, vingine kwa mkoba wako na vingine kwa mkoba wa mwenzio, kwa sababu mkoba ukianguka majini umeanguka. Na wanaosema "nitanunua Mombasa" wakumbuke mafuriko ya El Nino mwishoni mwa 2023 vile barabara ya Lamu na Garsen ilikatika.

Alafu kuna unyevu, hili watu hawaliongei kabisa. Mdogo wangu anatumia kabamazepini, na vidonge vyake vikikaa mahala penye unyevu vinaweza kupoteza hadi thuluthi moja ya nguvu, yaani unameza kidonge kizima unapata theluthi mbili tu na huku unajiona umefuata masharti. Na Amu, mji wetu wa Lamu, unaijua, chumvi hata kwenye kikombe inalowa. Sisi tulikuwa tunaviweka dirishani karibu na choo, eti ndo pahala pa dawa! Sasa viko chumbani kwenye mkebe unaofunga kisawasawa, mbali na jiko na mbali na jua. Wale wa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, msivitoe kwenye karatasi lake la fedha mpaka dakika ya kumeza, hivyo vinavuta maji haraka sana, kwa hiyo zile boksi za plastiki za kupangia dawa za wiki haziwafai.

Kabla hujatoka kliniki siku ya kwanza, uliza jina la dawa na miligramu zake, uandike mwenyewe kwa karatasi na upige picha kwa simu. Usitoke na "nimepewa vile vyeupe". Fenobabitoni ya kifafa nyeupe, panadoli nyeupe, nyingi tu nyeupe. Na mkizoea ya kampuni fulani msibadilishe kienyeji kwa vile ya kampuni nyingine iko bei rahisi, sana sana kabamazepini na fenitoini, tofauti ndogo inatosha kumwangusha mtu. Fenitoini ndo ina visirani zaidi, dozi ukiongeza kidogo tu inaweza kupanda damuni kupita kiasi, unamwona mtu anayumba kama mlevi na macho yanachezacheza, kwa hiyo asikuongezee mtu nusu kidonge kwa huruma.

Wiki za kwanza kaa macho na ngozi. Usingizi kidogo na kizunguzungu ni kawaida, vinapungua, ndo maana dozi huanzia chini ikapandishwa polepole. Lakini upele, homa, vidonda mdomoni au macho mekundu ndani ya miezi miwili ya kwanza, hiyo si joto wala si chakula cha harusi, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kinadada, hili ongeeni na daktari kabla ya ndoa na si baada ya kukosa siku. Valproeti inadhuru mtoto tumboni, karibu mtoto 1 kwa 10 huzaliwa na kasoro na wengi zaidi huchelewa kuongea na kusoma, kwa hiyo ubadilishwe mapema, usiiache mwenyewe ukishajua una mimba. Na kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na vijiti vya mkononi. Nawajua wawili walioshtukia mimba hivo, hakuna aliyewaambia.

Kila unapopewa dawa nyingine sema kwanza unameza ya kifafa. Dawa za TB, za ukimwi, hata ile ya kawaida ya maleria, zinagongana na baadhi ya hizi. Tramadoli inaweza kumwangusha mtu, usijitibie mgongo nayo. Na wa kabamazepini aachane na maji ya balungi, yanaipandisha damuni. Miraa na muguka nazo, si kwa sababu nyingine, ni usingizi, asiyelala huanguka, na ndo maana wiki ya Maulidi mimi huwa mkali, zefe aone, matari asikize, saa nne awe kitandani.

Ramadhani ipangwe Shaabani, usingoje mwezi uandame. Anayemeza mara moja usiku hana neno. Anayemeza mara mbili, futari na daku, mchana wake unakuwa mrefu, karibu saa 14 bila dawa, kwa hiyo daktari anaweza kumpa kile kidonge kinachoyeyuka polepole (hicho hakivunjwi wala hakitafunwi), au amwambie asifunge, na mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani. Kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, tunakunywa, dua tunasoma, mama hakosi, lakini kidonge kinamezwa.

Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, ila kama ya pili iko karibu ruka, usimeze mbili pamoja.

Na nyumba nzima ijue la kufanya, mpaka watoto: mlaze ubavu, ondoa vya kuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5 au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Huku hakuna teksi ya kugonga mlangoni, kwa hiyo namba ya nahodha mwenye boti ya injini iwe kwa simu ya kila mtu, na mjue nani ana punda karibu. Baharini haogelei peke yake, jikoni hasimami peke yake na mafuta yakichemka.

Swali la "ataacha lini" kila mtu huuliza. Kwa kawaida daktari hulifikiria baada ya miaka 2 bila kuanguka, na hupunguza kwa miezi, si kwa siku. Wetu hajafika, alianza kuhesabu upya ile alfajiri ya Kizingitini. Siku hizi anahesabu vidonge mwenyewe kila Alhamisi usiku. Juzi vilibaki 30, anameza viwili kwa siku, akaja kuniuliza Jumatatu boti inatoka saa ngapi.