Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza vidonge vya steroidi

Kabla hujameza kidonge cha kwanza cha prednisoloni, steroidi iwezayo kupandisha sukari, pima sukari ya damu, na mweleze daktari iwapo una kisukari au yupo mzazi au ndugu aliye nacho. Hakikisha una mashine ya kupimia pamoja na vijiti vyake vya kutosha. Hayo hayahitaji maelezo.

Linalohitaji maelezo ni wakati wa kupima. Niliandikiwa miligramu 40 kila asubuhi kwa ajili ya pumu, nami nikawa napima kila alfajiri kabla ya kula. Mashine ilisoma 5.4, kesho yake 5.6, nikajipongeza. Lakini kila jioni kiu ilinibana hata nikalala na jagi la maji kando ya kitanda, na usiku nikaamka mara nne kwenda haja ndogo, nikasingizia joto. Siku ya tisa muuguzi alinichoma kidole saa kumi na moja jioni, mashine ikaonyesha milimoli 17.2 kwa lita.

Prednisoloni huiga kotisoli, homoni itokayo kwenye gamba la tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na miligramu 5 zake hulingana na takriban miligramu 20 za kotisoli. Homoni hiyo huliamuru ini kutengeneza sukari zaidi na papo hapo huifanya misuli isiitii insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hivyo sukari itokanayo na mlo hukosa pa kuingia ikabaki kwenye damu. Kidonge kikimezwa asubuhi, athari hiyo hupanda mchana hadi jioni, kisha hufifia usiku, ndiyo maana kipimo changu cha alfajiri kilinidanganya. Pima muda wa saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla tu ya chakula cha jioni. Deksamethasoni, steroidi nyingine, hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo hata asubuhi sukari yaweza kuwa juu.

Kama tayari unatumia insulini, uliza mapema dozi itaongezwaje na, zaidi ya hapo, itapunguzwaje steroidi zikianza kupunguzwa, kwani insulini iliyoachwa ilipo itaishusha sukari kupita kiasi. Vidonge vyenyewe usiviache ghafla baada ya kuvitumia wiki kadhaa, hata sukari ikikukera, maana tezi zako za adrenali zitakuwa zimelala, hazitengenezi kotisoli ya kutosha. Sindano ya steroidi kwenye kiungo nayo ihesabu: hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na anayekuchoma goti huenda asikuulize habari za kisukari, basi mwambie wewe.