Namna ya kutazama dabi ya Simba na Yanga ukiwa Marekani

Naishi Houston, na kila inapofika dabi ya Kariakoo sebule yangu hujaa watu wa pande zote mbili. Utaratibu huu nimeujenga mechi baada ya mechi. Ukiufuata, refa atapuliza kipenga Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wewe ukiwa umeshakaa.

Hatua ya 1: Hakikisha mechi ipo

Dabi hii huahirishwa hata siku yenyewe. Mei 8, 2021 muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakagoma, ikaja kuchezwa Julai 3. Ile ya Machi 8, 2025 nayo iliota mbawa, ikachezwa Juni 25. Kwa hiyo pitia kurasa za Bodi ya Ligi na za klabu zote mbili kabla ya kulala, kisha uzipitie tena ukiamka, kabla hujamruhusu mtu aendeshe gari kutoka Dallas.

Hatua ya 2: Saa

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Tanzania haibadilishi saa. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi wa Houston tunakuwa nyuma ya Dar kwa saa 8 wakati wa joto na saa 9 wakati wa baridi, kwa hiyo mechi ya saa 11 jioni kwetu ni saa 3 au saa 2 asubuhi. Wa New York punguzeni saa 7 au 8. Wa London ni 2 au 3. Wa Muscat mmepona: mko mbele kwa saa moja mwaka mzima.

Novemba 5, 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa zilirudishwa nyuma usiku wa kuamkia mechi. Mimi nilishapiga hesabu ya saa 8 na kuwaambia watu waje saa 3. Tunawasha TV, kipindi cha pili ndiyo kinaanza, 1-1. Goli la Musonda wa Yanga limetupita, la Kibu Denis wa Simba la kusawazisha limetupita. Yanga wakamaliza 5-1, na wageni wangu wa Jangwani, yaani mashabiki wa Yanga, mpaka leo wanadai dakika zao 45.

Tangu hapo sipigi hesabu kichwani. Fungua kalenda ya simu, andika mechi saa 11 jioni, kisha chagua majira ya Dar es Salaam. Simu itageuza yenyewe.

Hatua ya 3: Lipia mapema

Ligi Kuu huonyeshwa na Azam, na programu yao ya simu ni AzamTV Max. Ipakue wiki moja kabla, fungua akaunti, lipia kifurushi, halafu tazama mechi nyingine yoyote ya ligi ili ujue inafanya kazi ulipo. Benki za huku zinaweza kuzuia malipo ya nje na kukutumia ujumbe kuuliza kama ni wewe. Bora ulijibu swali hilo Jumanne usiku kuliko dakika ya tatu ya mchezo.

Vile viungo vinavyosambazwa Facebook vikisema "live bure", achana navyo. Rafiki yangu aliingiza namba za kadi yake kwenye kimojawapo. Mechi hakuiona na kadi ikabidi aifunge.

Hatua ya 4: Waya

Unganisha kompyuta na TV kwa waya wa HDMI, na kompyuta na kisanduku cha intaneti kwa waya pia. Wi-Fi hulegea sebule ikijaa simu ishirini. Ziombe zitoke kwenye mtandao wako. Redio ya TBC Taifa iweke tayari kwenye simu moja. Picha ikiganda, mtangazaji anawabeba.

Hatua ya 5: Nyamazisha makundi ya WhatsApp

Picha ya intaneti huchelewa. Mjomba wangu hutazama kwenye kibanda umiza, kile cha mtaani cha kutazamia mpira, huko Mbagala, Dar, na kelele zake hunifikia kwenye sauti ya WhatsApp wakati kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Hakuna kitu kinachoua goli kama hicho. Nyamazisha makundi yote, na umwombe kila anayeingia afanye hivyo mlangoni.

Hatua ya 6: Supu na majirani

Asubuhi hiyo ni ya supu ya mbuzi na chapati. Mbuzi mchemshe usiku, asubuhi upashe moto, ukamue ndimu. Na kama unaishi ghorofani, siku moja kabla gonga mlango wa jirani, mweleze kwamba kesho asubuhi atasikia kelele, na ni mpira tu. Mimi humpelekea wa chini bakuli la supu. Refa akipuliza mapumziko, washa WhatsApp umpigie mjomba kwa video, maana dakika hizo 15 kibanda kizima kinataka kuwaona.