LinkedIn kwa sisi wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini: unavyoitumia mpaka mnunuzi akupate

Habari zenu wadau. Huku kwetu mtu akianza biashara anafungua Instagram, anabandika namba ya WhatsApp, imeisha hiyo, LinkedIn anaiona ni ya watu wa maofisini wanaosaka kazi. Mimi nakusanya parachichi za Hass kwa wakulima huku Rungwe nawauzia wanaosafirisha nje, na nawaambia ukweli, yule anayenunua kwa tani hakutafuti Instagram. Meneja manunuzi wa kampuni, afisa wa mradi wa kilimo, mwenye magari ya friji, hao wapo LinkedIn na majina yao kamili na vyeo vyao. Mtandao wenyewe upo tangu 2003, Microsoft waliununua 2016, na kufungua akaunti ni bure.

Anza na ule mstari mfupi ulio chini ya jina lako. Huo ndo unaotembea na wewe kila mahali, mtu akitafuta anauona, ukikomenti kwenye posti ya mtu unatokea hapo hapo na picha yako. Una herufi 220 tu. Mdogo wangu anayeuza mbao Mafinga alikuwa ameandika "Mkurugenzi Mtendaji, mjasiriamali mwenye ndoto kubwa", na miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza hata bei, kwasababu fundi au mkandarasi anayetafuta mbao anaandika mbao, haandiki ndoto. Tukakaa jioni moja tukaubadilisha: "Mbao za paini zilizokauka, 2x4 na 2x6, Mafinga Iringa, tunapakia mpaka Dar". Ukisoma tu unajua anauza nini, yuko wapi na mzigo unafikaje. Kama wateja wako wako nje ya nchi uandike kwa Kiingereza, muombe mtu anayekijua akuangalizie.

Chini yake kuna sehemu ya kujieleza, inachukua herufi 2,600 lakini mtu anaona mistari michache ya mwanzo tu mpaka abonyeze kufungua zaidi. Kwahiyo usianze na historia ya ulipozaliwa. Anza na mzigo. Kwa parachichi mnunuzi anataka kujua aina, eneo, tani ngapi kwa wiki, miezi gani unavuna, na saizi, na saizi hapa ina maana yake, ukisema 16 ni matunda 16 kwenye katoni ya kilo 4. Atakuuliza pia ukavu wa tunda, yani nyama yake inakatwa, inapimwa, inakaushwa, inapimwa tena, ndo wanajua kama limekomaa, kwasababu Hass haiivii mtini, kwa macho tu unaweza ukachuma tunda changa likafika sokoni likasinyaa badala ya kuiva. Ukiandika vitu kama hivi anajua anaongea na mtu wa kazi. Kama una cheti cha GlobalG.A.P., kile cha kimataifa cha kilimo bora, kiseme, kama hauna usiseme unacho, kwasababu namba ya cheti inakaguliwa na ukishakutwa umedanganya umeisha.

Picha piga mwenyewe. Nina picha moja nilipiga asubuhi na simu ya kawaida, kreti la kijani liko juu ya mizani, namba ya kilo inasomeka, matunda yana vikonyo vifupi vilivyokatwa na mkasi, nyuma ukungu wa Tukuyu haujapanda. Hiyo imeniletea maswali kuliko mabango yote niliyolipia kutengenezewa. Mnunuzi anaangalia kikonyo jamani, tunda lililong'olewa kwa mkono linaoza kuanzia pale juu.

Sasa kuomba urafiki na watu, hapa ndo wengi tunaharibu, na mimi niliharibu. Usiku mmoja nilichukua orodha yangu ya bei nikaituma kwa watu kama 60 bila hata salamu, hakuna aliyejibu, hata mmoja. Siku hizi nachagua watu wachache kwa wiki, nasoma kwanza wanafanya nini alafu naandika hivi: "Habari ya kazi kaka, nimeona mnapeleka parachichi Ulaya. Mimi nipo Tukuyu nakusanya Hass kwa wakulima wadogo. Msimu huu mnaanza kupokea mzigo mwezi gani?" Basi. Hamna bei, hamna faili, kuna swali ambalo mtu anajibu akiwa kwenye foleni. Akishajibu mazungumzo yapo, bei itakuja yenyewe.

Kuposti mara moja kwa wiki inatosha kabisa. Mkataba wa kuingiza parachichi zetu China uliposainiwa Novemba 2022 kila mtu alishea ile ile habari, mimi nadhani ungeandika shambani kwako inabadilisha nini, ndo mtu angekukumbuka. Na mwanzoni komenti zina faida kuliko posti, kwasababu posti yako hamna anayeiona bado, ila komenti nzuri kwenye posti ya mtu mkubwa wanaisoma watu wake wote. Ukurasa wa kampuni fungua baadae, watu wanaamini sura ya mtu kwanza. Alafu ingia kwenye mipangilio uzime video zisijicheze zenyewe, bando litakushukuru.

La mwisho ni matapeli, wapo na wanaongea vizuri sana. Aliyenipata mimi alisema ananunua kontena mbili, akaomba kwanza ada ya kusajiliwa kama msambazaji, nikatuma laki tatu na nusu, akapotea. Mnunuzi wa kweli anaomba sampuli na nyaraka, haombi hela. Kabla hujaendelea fungua profaili yake uangalie akaunti ilianza lini, kama ina mwezi mmoja na anasema ana miaka 15 kwenye biashara, acha. Angalia kama kampuni yake ina wafanyakazi wengine humo, muandikie mmoja umuulize kama anamjua. Na barua pepe ije na jina la kampuni, sio Gmail. Akipita hapo mtumie PDF moja yenye usajili wako wa BRELA, TIN, vyeti ulivyonavyo na zile picha za kreti, uwe nayo tayari kwenye simu, kwasababu akiomba saa nne asubuhi ukamtumia kesho yake jioni atakuwa ameshampata mtu wa Njombe.