Kabla ya kuruka: jinsi ya kuagiza mafuta na huduma nyingine za ardhini kwa ndege yako binafsi

Ndege ya shirika ina watu wa zamu wanaojua itakuja saa ngapi na itataka nini. Ndege yako ndogo ya pistoni ina wewe, simu yako, na mhudumu wa boza ambaye asubuhi hiyo ana foleni ya ndege nyingine. Atafanya alichosikia. Ndiyo maana makosa mengi ya huduma za ardhini, kuanzia mafuta yasiyo yake hadi safari kuchelewa, huanzia kwenye agizo la nusu nusu: "Nijazie tu," au "Naondoka asubuhi."

Piga simu siku moja kabla. Usiulize kama wanauza mafuta. Uliza kama leo wana mafuta ya aina yako ndani ya boza au pampu, na kama boza lenyewe ni zima. Uliza wanafunga saa ngapi, na kumwita mhudumu nje ya saa hizo ni kiasi gani. Malipo yaulizie moja moja kwa jina: kutua, maegesho, huduma, usalama. Viwanja vingine hufuta ada ya huduma ukinunua lita kadhaa, lakini usipouliza hutaambiwa. Soma NOTAM (matangazo rasmi kwa marubani) za kiwanja, maana kuishiwa mafuta mara nyingi hutangazwa humo. Kama kiwanja kinadai ruhusa ya awali, iandike namba yake ya kumbukumbu kwenye mpango wa safari. Na kabla hujatoka kwenda kulala, uliza geti la upande wa ndege hufunguliwaje alfajiri. Marubani wengi wameshafika mapema na kuishia kuitazama ndege yao kupitia uzio.

Saa

Hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. "Saa mbili asubuhi" kwako ni 0800, lakini aliyezoea saa za Kizungu anaweza kuandika 0200. Ukiongeza UTC, saa ya kimataifa ambayo ndiyo saa ya mpango wa safari, unakuwa na majibu matatu kwa swali moja. Taja tarakimu nne kila mara, na useme ni za UTC au za kiwanja.

Panga kwa kurudi nyuma. Tuseme unataka kuondoka maegeshoni 0600Z (Z ni UTC). Mafuta yawe yameshaingia kufikia 0500Z, ili maji na uchafu vipate nafasi ya kutua chini ya tangi kabla hujachota sampuli. Lipa kabla abiria hawajafika. Kulipa ndiko hula muda kuliko vyote, kwa sababu mashine ya kadi hukataa na mwenye kitabu cha risiti ndiye anayeendesha boza.

Wengine hupenda kujaza jioni ya kuamkia safari. Ni sawa ikiwa unajua kwa hakika nani na mizigo gani vinapanda. Akiongezeka mtu, utalazimika kutoa mafuta, na mafuta yaliyokwisha kutoka tangini kwa kawaida hayarudishwi kwenye boza. Unabaki na madumu, hasara na kero.

Kiasi

Hesabu uzito kwanza, ndipo uagize. Petroli ya ndege ina takriban kilo 0.72 kwa lita. Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ni karibu 0.8. Chukua Cessna 172S, ambayo haitakiwi kuruka ikiwa na zaidi ya kilo 1,157. Ikiwa uzito wake mtupu ni kilo 770, ukapandisha watu wanne wa kilo 80 kila mmoja na begi za kilo 20, umefika 1,110. Zimebaki kilo 47, yaani lita 65. Matangi yake yana takriban lita 200 zinazotumika, kwa hiyo aliyesema "jaza" amezidisha karibu kilo 100. Na hizo lita 65, kwa injini inayokula lita 36 kwa saa, hazitimizi hata saa mbili za kuruka, akiba ikiwa humo humo. Afadhali kujua hilo ukiwa bado na simu mkononi.

Taja kipimo. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, na kitabu cha ndege yako huenda kinatumia ya kwanza huku pampu ikihesabu lita. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu lita ziligeuzwa kuwa kilo kwa namba ya ratili (paundi): walitumia 1.77 mahali pa 0.8. Ilihitaji kilo 22,300, ikapata chini ya nusu. Ilitua Gimli bila injini, na hakuna aliyekufa.

Agizo kamili husikika hivi: "Petroli ya ndege, 100LL. Lita 30 bawa la kushoto, lita 30 la kulia, jumla 60. Msijaze mpaka juu. Mafuta yawe yameingia saa 0500 UTC, na nitakuwepo." Taja na namba ya usajili, kisha sema: "Nisomee tena, tafadhali." Asiposoma sawasawa, rudia. Hakuna anayekasirika kwa hilo isipokuwa mvivu.

Mafuta yasiyo yake

Hapa usiwe na haya. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa. Ikiingia kwenye injini ya petroli haizimishi injini papo hapo, na hiyo ndiyo hatari yake. Petroli iliyobaki kwenye mabomba na kichujio inatosha kuwasha, kutembea hadi njia ya kurukia, kufanya majaribio ya injini, hata kuinuka. Mchanganyiko mbaya hufika kwenye silinda wakati ndege iko chini na pua iko juu. Mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, joto linapanda, injini inakufa.

Kosa hili lina chimbuko lake. Neno "Turbo" kwenye pua ya ndege ya pistoni humfanya mhudumu afikiri ni injini ya tabo (turbine), inayotumia Jet A-1. Ndege ya injini mbili za pistoni humpa wazo hilo hilo. Kuna pia aina kama Diamond DA40, ambayo ipo ya petroli na ipo ya dizeli inayokunywa Jet A-1, na kwa mbali zinafanana. Lebo iliyo pembeni ya mdomo wa tangi ndiyo inayotofautisha, basi hakikisha yako haijabanduka wala kufifia.

Mpira wa Jet A-1 mara nyingi huwa na mdomo mpana uliobapa kama wa bata, usioingia kwenye tundu la tangi la petroli. Lakini midomo hubadilishwa, kwa sababu zipo helikopta na ndege za tabo zenye tundu dogo. Ukimwona mhudumu anahangaika kuingiza mpira, au anaubadilisha mdomo, mwambie asimame kwanza.

Rangi inasaidia, ila si shahidi kamili. 100LL ni ya buluu. Jet A-1 haina rangi au ina unjano hafifu. Zikichanganyika bado utaona buluu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na usubiri: petroli hukauka na kuacha doa kavu la buluu, mafuta ya jeti huacha duara la mafuta kama karatasi ya maandazi. Nusa pia, harufu ya mafuta ya taa haijifichi.

Ukigundua yameingia, usiwashe injini wala pampu ya umeme. Kufungua tundu la chini ukachota lita chache hakutoshi. Mwite fundi, matangi, mabomba, vichujio na kabureta au mfumo wa sindano vyote vinasafishwa.

Simama pale

Mhudumu akija, uwe kando ya bawa. Waya wa kuondoa chaji ya umeme uunganishwe kabla kifuniko hakijafunguliwa, tena kwenye chuma tupu, rangi inauzuia. Huo ndio wa mwisho kutolewa. Mita ya boza ianze sifuri, au iandike namba inayoanzia. Baadaye linganisha risiti na agizo: aina, lita, namba ya usajili. Tumbukiza kijiti cha kupimia, kwa sababu geji za ndege ndogo ni waongo wa kuaminika.

Vifuniko vifunge kwa mkono wako mwenyewe hata kama umeona vikifungwa. Juu ya bawa shinikizo la hewa ni dogo, na kifuniko kilicholegea kitaacha mafuta yanyonywe nje ukiwa angani.

Ngoja, kisha chota sampuli kila tundu la kutolea mafuta chini ya ndege. Kwenye 172S ni matundu 13, na ndiyo, yote. Maji hukaa chini kama tone la kioo. Kikombe kisicho na mstari wowote kati ya maji na mafuta kinaweza kuwa petroli safi au maji matupu. Tazama buluu dhidi ya kitu cheupe kabla ya kufurahi.

Kuvutwa na umeme wa nje

Ndege ikivutwa, hasara kubwa iko kwenye gurudumu la mbele. Lina kikomo cha kugeuka, mara nyingi kilichochorwa kwa mistari, na trekta haina huruma nacho. Waambie kikomo kiko wapi, ondoa kifungio cha usukani wa mkia, achia breki ya maegesho. Kama ilivutwa wewe hupo, kagua vizuizi vya kugeukia kwenye mguu wa mbele, ncha za mabawa, na mkia. Kisha hakikisha kwa macho yako kuwa chuma cha kuvutia ndege kimeondolewa: kikiachwa kwenye gurudumu, rafadha (panga la mbele la injini) itakipiga injini ikiwaka.

Kwa umeme wa nje, soma kibao kilicho kwenye soketi. Mfumo wa volti 12 hupewa takriban 14, wa 24 hupewa 28, na kukosea kunaunguza redio. Cessna 172 za zamani na za karibuni hazifanani katika hili, kwa hiyo usiagize kwa jina la ndege. Kubalianeni ishara ya kuchomoa kabla ya kuwasha, na anayechomoa aje kutoka upande wa mkia, kamwe asipite mbele ya rafadha. Betri iliyokufa kabisa, lakini, itoe ukaichaji; umeme wa nje unawasha injini, hautengenezi betri.

Penye baridi kali, hanga ya usiku ni nafuu kuliko kungoja theluji iyeyuke. Ila ndege iliyotoka hanga ya joto ikiwa imelowa huganda tena kwenye bawaba za usukani. Ikaushe kabla ya kuitoa.

Mambo yakichelewa

Boza likichelewa, mpango wako wa safari haujui. Kwa taratibu za ICAO, safari inayoongozwa na waongozaji ndege ikipitisha dakika 30 baada ya saa uliyoandika, rekebisha mpango. Isiyoongozwa ni dakika 60. Piga simu mbili: ya mpango wa safari, na ya mhudumu mwenyewe, umpe saa mpya kwa tarakimu nne. Kama kiwanja hugawa nafasi za kuondoka, uliza yako bado ipo kabla hujapandisha abiria, maana kuketi nusu saa juani na mlango umefungwa kutawachosha kuliko safari yenyewe.