Kutoa magogo shambani kwa trekta bila kununua winchi

Nina ekari sita za misindano (paini) na kipande cha milingoti (mikaratusi) huku Mufindi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Mafinga barabara ikiwa kavu. Trekta langu ni Massey Ferguson 375, farasi 75, la kusukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Novemba na Desemba linalima mahindi, miezi mingine lilikuwa linalala bandani na kuku.

Mara ya kwanza kuvuna niliwalipa vijana wasogeze magogo kwa mabega na mitaimbo mpaka barabarani, na malipo yao yakala karibu theluthi ya nilichouza. Mara ya pili nikasema trekta lipo, cheni ipo, navuta mwenyewe. Nikavuta kweli. Siku ya tatu mwenye dingdong, ile mashine ya kuhamishika ya kupasulia mbao, akaizima akaniita. "Mzee, haya magogo yana udongo kama viazi. Tangu asubuhi nimenoa msumeno mara nne." Alikuwa na haki. Gogo likiburutwa kichwa kikiwa chini hulima ardhi, mchanga unajipenyeza kwenye maganda, na meno ya msumeno ndiyo yanayokutana nao. Trekta nalo linakunywa dizeli kwa kazi ya kuchimba mfereji ambao mvua ya kwanza itaugeuza korongo.

Kwa hiyo ukiniuliza njia ya bei nafuu ni ipi, nitakwambia ni ile inayonyanyua kichwa cha gogo. Mkia acha uburuzike.

Kwanza jua uzito. Pima kipenyo cha gogo katikati yake kwa mita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha kwa urefu. Gogo la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 30 linatoa mita za ujazo 0.28. Msindano mbichi unakaribia uzito wa maji, kwa hiyo hapo una kilo 270 hivi. Mlingoti mbichi wa ukubwa huohuo unazidi 300. Gogo la mita 6 lenye sentimita 40 ni habari nyingine kabisa, linapita kilo 700. Wengi tunakadiria kwa macho, na macho hudanganywa na urefu kuliko unene. Kumbe unene ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne.

Kazi ya kuvuta inaanza siku ya kuangusha. Mwambie mwenye msumeno wa mnyororo aangushe miti ielekee mbali na njia ya trekta, ili mashina, yaani upande mnene, yabaki yanatazama njia. Ukivuta kwa upande mnene, matawi yaliyobaki yanalala kufuata mwendo badala ya kuchoma ardhi kama nanga. Visiki vikatwe chini kabisa. Kisiki cha futi moja na nusu ndicho kitakachokuvunjia cheni, au kufanya jambo baya zaidi ambalo nitalisema sasa hivi. Njia za trekta weka chache, pita palepale kila safari. Usikatize kwenye vinyungu vya watu, yaani bustani zao za mabondeni, na kando ya mto acha zile mita 60 za sheria ya mazingira bila kuingiza gurudumu.

Sasa hilo jambo baya. Mwaka huohuo wa pili nilikuwa nimefunga cheni juu, pale kwenye kishikio cha mkono wa tatu, ule wa juu wa haidroliki, nikidhani kadiri ninavyofunga juu ndivyo gogo litakavyonyanyuka. Gogo likagonga kisiki. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameshika vizuri, hayakuteleza, na mbele ya trekta ikapanda juu kama farasi. Nilikanyaga klachi bila kufikiri, ikarudi chini na kishindo. Nilikaa nimeshika usukani kwa muda, utingo wangu ananiangalia, hakuna anayesema. Trekta likipinduka kinyumenyume halikupi hata sekunde mbili, na langu halina fremu ya kumkinga dereva.

Shika hivi: mahali cheni inapovutia pawe chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Daima. Upau wa kukokotea ule wa chini katikati ndio umetengenezewa kazi hiyo. Kishikio cha juu si cha kuvutia kitu chochote, hata tela tupu. Kama una vyuma vya uzito vya mbele, vifunge vyote.

Utauliza, kama navutia chini, kichwa kitanyanyukaje? Nimejaribu njia tatu, na zote amezitengeneza fundi wa kuchomelea wa kijijini.

Ya kwanza ni kofia. Ni bati nene lililokunjwa umbo la koni, tundu nchani la kupitisha cheni, na kichwa cha gogo kinaingia ndani yake. Haibebi gogo, bali inalifanya liteleze juu ya visiki na mizizi badala ya kuvichimba. Ya kwangu ilitoka kwenye pipa la lita 200. Bati la pipa ni jembamba, halimalizi misimu miwili, lakini pipa lililotoboka halina bei. Angalizo moja: pipa lililokaa petroli au dizeli usilikate kwa moto hata kama linaonekana kavu, mvuke uliobaki ndani hulipuka. Lioshe, lijaze maji, likate kwa patasi na nyundo.

Ya pili ndiyo ninayoitumia zaidi ya zote. Ni upau wa chuma unaokaa kati ya mikono miwili ya chini ya haidroliki, umechomelewa vipande vyenye mkato wa kunasa pete ya cheni. Unashusha mikono, unarudi nyuma mpaka karibu na gogo, unafunga kitanzi cha cheni futi moja kutoka kichwani, unaikaza fupi iwezekanavyo kwenye mkato, kisha unanyanyua. Kichwa kikiachana na ardhi kwa futi moja, inatosha. Hapa ndipo watu wanapojisahau na kupandisha mikono mpaka juu ili gogo lining'inie vizuri, na upau unapita usawa wa ekseli. Umerudi kwenye kosa langu lilelile. Cheni fupi, mikono chini. Kama kwa namna hiyo kichwa hakinyanyuki, gogo ni nene mno kwa upau, nenda njia ya tatu.

Kwenye ardhi kavu upau unanipa magogo mawili hadi matatu ya mita 4 kwa safari, kila moja na kitanzi chake. Dizeli niliyokuwa nikivutia magogo kumi kwa kuburuta, sasa inavuta kumi na saba au kumi na nane.

Ya tatu ni kigari. Ekseli ya pikapu chakavu na magurudumu yake mawili, juu yake upinde wa bomba nene la chuma, mbele mkono wa kuunganishia trekta. Unakirudisha mpaka upinde unakaa juu ya gogo, unalifunga kichwa, unalining'iniza kwa cheni chini ya upinde, mkia unabaki nyuma unagusa ardhi. Hiki ndicho kwa masafa ya zaidi ya mita 200 au 300, na kwa yale magogo ya kilo 700. Kimenigharimu kuliko vile viwili vikijumlishwa, hata hivyo hakifikii hata nusu ya winchi ya kufunga nyuma ya trekta. Mwambie fundi aache upana wa kutosha kati ya magurudumu. Changu cha kwanza kilikuwa chembamba, kikalala ubavu kila kona.

Kigari hakina breki, wala hakihitaji, kwa sababu ya ule mkia. Kwenye mteremko mkia unaoburuzika ndio unaozuia gogo lisikusukume. Kuna jirani aliweka magurudumu mawili mengine nyuma ili gogo lisiguse chini kabisa. Alishuka nalo mara moja tu, na siku hizi yale magurudumu yamo kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Kwenye mteremko weka gia ya chini kabla hujaanza kushuka, na mguu uwe mbali na klachi. Nyoosha moja kwa moja kuelekea chini. Usikate mteremko kwa ubavu ukiwa na mzigo.

Palipo pakali mno, trekta lisishuke kabisa. Misindano mingi yetu ipo kwenye makorongo, na hapo ninatumia kamba ya waya ya mita 40 na kapi. Kapi linafungwa kwenye kisiki kilicho imara juu ya mteremko, pembeni mwa barabara. Kamba inatoka kwenye gogo, inazunguka kapi, inakwenda kwenye upau wa kukokotea, na trekta linatembea barabarani polepole huku gogo likipanda. Kofia ndiyo mahali pake hapa. Kumbuka kisiki kinabeba mara mbili ya nguvu ya trekta kamba ikirudi sambamba, kwa hiyo chagua kisiki kibichi chenye mizizi, na kitu cha kufungia kapi kiwe kizito kuliko kamba yenyewe. Weka gunia lenye mchanga kidogo juu ya kamba, ikikatika iangukie chini. Asimame mtu ndani ya ile pembe inayotengenezwa na kamba? Hapana, hata kwa kukimbia kuchukua simu. Vijana wanadhani huo ni uoga. Waambie wakae mbali kwa urefu wa kamba nzima au warudi nyumbani.

Kupakia kwenye tela hakuhitaji mashine pia. Nguzo mbili za mlingoti, mita 3 kila moja, zinaegemezwa kwenye tela la kimo cha mita 1. Kamba mbili zinafungwa kwenye tela, zinapita chini ya gogo, zinarudi juu yake na kuvukia upande wa pili. Watu wakivuta upande huo gogo linajiviringisha na kupanda. Mteremko wa nguzo unakupunguzia uzito mpaka theluthi, kujiviringisha kunaupunguza tena nusu, hivyo gogo la kilo 270 linavutwa kama kilo 45, ongeza kidogo ya msuguano. Watu wanne wanapandisha huku wanapiga stori. Kabari ziwe tayari, na chini ya gogo asiwepo mtu.

Vuta Juni mpaka Oktoba. Udongo wetu mwekundu ukilowa hakuna kifaa kitakachokusaidia, na magogo ya msindano yakichelewa porini wakati wa joto na mvua yanaingia madoa ya bluu ya ukungu na mnunuzi anashusha bei. Hati ya kusafirishia ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, itafute kabla ya kukodi lori.

Cheni nunua ya milimita 8 yenye alama ya daraja la 80, inayobeba tani 2, mita nne za kutosha vitanzi viwili. Zile za kufungia mageti zinafanana nayo lakini hazina alama. Jioni iondoe udongo na upitishe vidole kwenye kila pete. Iliyorefuka au iliyopinda, cheni hiyo imestaafu. Mimi zangu mbili za zamani zinafungia ng'ombe.