Kuagiza mche wa adeniamu kwa basi

Kitalu makini cha adeniamu, ua la mapambo lenye shina nene (waridi la jangwani), utakijua kwa majibu yake. Uliza kama mche umetokana na mbegu au umebebeshwa (tawi la mche mmoja kuunganishwa kwenye shina la mwingine), maana wa mbegu hauna hakika ya kurudisha rangi ya maua ya mama yake. Omba picha ya leo inayoonyesha shina na mizizi. Shina linalobonyea na kutoa maji limeoza, achana nalo.

Muuzaji atoe udongo wote, aanike mizizi kivulini siku 2 au 3, kisha afunge kwa gazeti kavu, kamwe si nailoni. Ukipokea, panda kwenye udongo wenye mchanga mwingi, usimwagilie kwa siku 5: vidonda vya mizizi vikilowa kabla ya kukauka, huoza. Utomvu ni sumu, vaa glavu.

Ukiagiza kutoka nje kuja Kenya, pata kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mche haujasafirishwa.